Sura ya Sita: Uwanja Ukijaa, Malori Husubiri

Saa nane mchana mwezi Oktoba, chumba cha kuhariria video chini ya bati lisilo na silingibodi pale Nkuhungu ni mahali pagumu kwa kifaa chochote cha umeme. Nje jua la Dodoma limefikisha nyuzi 31 au 32, na ndani bati linaongeza lake. Mvua za Desemba bado, upepo wa kiangazi unapitisha vumbi jekundu dirishani, na feni ya kompyuta inalivuta hadi tumboni. Hapo ndipo SSD uliyoilipia fedha nyingi itafanya kazi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi lake ilipatikana kwingine kabisa: SSD ikiwa tupu na imepoa, ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo.

Namba zenyewe ni za kweli. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 150 hivi kwa sekunde. SSD ya SATA hufika 550, ya NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe hufika 3,500, ya kizazi cha nne hupita 7,000, na ya kizazi cha tano inagusa 14,000. Kwa mtumiaji wa kawaida, hatua iliyobadilisha maisha ni ile ya kwanza, ya kuiacha diski ya kuzunguka. Kuwasha kompyuta na kufungua programu ni kazi ya kusoma vifaili vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, na huko SSD ya kizazi cha tatu na ya kizazi cha tano hazipishani sana. Zote hucheza kwenye megabaiti makumi kadhaa kwa sekunde, ya kasi zaidi ikikaribia mia.

Tuchukue kazi inayolisha vijana wengi mjini: video za harusi. Kamera mbili zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ni gigabaiti 45 kwa saa kwa kila kamera. Kanisani na ukumbini zikirekodi saa nne kila moja, unarudi nyumbani na gigabaiti 360. Kadi za kamera zinazotumika sana, za UHS-I, hutoa megabaiti 90 hivi kwa sekunde. Kunakili mzigo huo kutachukua zaidi ya saa nzima, uwe na SSD ya bei yoyote ile, kwa sababu foleni iko kwenye kadi.

Tofauti huonekana unapohamisha harusi nzima kutoka SSD moja kwenda nyingine. Msimu wa mahindi katika soko la Kibaigwa, magunia hushushwa kwanza uwanjani, kisha vibarua huyapanga ghalani polepole. SSD nayo ina uwanja wake. Hupokea data kwa kuandika biti moja tu katika kila seli, jambo linalofanyika haraka, halafu baadaye huzipanga upya zikae biti tatu kwa seli katika aina ya TLC, au nne katika QLC. Uwanja ukijaa, lori la nyuma husubiri. Nyingi za TLC nzuri huendelea kuandika kwa kasi ya kuridhisha hata hapo. QLC ya bei nafuu inaweza kuporomoka hadi megabaiti 100 au 200 kwa sekunde, yaani umerudi kwenye diski ya kuzunguka uliyoikimbia. Kwa mhariri wa video, kasi ya baada ya uwanja kujaa ndiyo ya kuuliza dukani, na ndiyo isiyoandikwa kwenye boksi.

Sasa joto. SSD nyingi za kawaida zimeruhusiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 70. Joto la kifaa ni joto la chumba kujumlisha lile kinalozalisha chenyewe, kwa hiyo chumba kikipanda nyuzi 10, SSD nayo hupanda takriban hizo hizo. Kadi ya M.2 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, na zile za mwanzo za kizazi cha tano humwaga wati 10 au zaidi katika eneo hilo dogo zikifanya kazi nzito. Tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo feni ile ile hubeba joto pungufu. Ongeza vumbi lililoziba mapezi ya kipoza joto. SSD haitaungua, itajipunguzia kasi ili ijiokoe, nawe utakuwa umelipia megabaiti 14,000 ili upate nusu yake au chini ya hapo.

Kuhusu kudumu, wanunuzi huogopa kitu kisicho sahihi. Kila SSD ina kiwango cha TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anaikubali dhamana hadi ziandikwe. Samsung 990 Pro ya terabaiti 1 ina TBW 600, na ya terabaiti 2 ina 1,200. Crucial P3 ya terabaiti 1, ambayo ni QLC, ina 220. Mhariri wetu akifanya harusi moja kila wiki na kuandika gigabaiti 400 kwa kila harusi, mwaka mzima ataandika terabaiti 21 hivi. Hata ile ya 220 itamchukua miaka kumi.

Mimi naogopa zaidi umeme. SSD hutunza ramani ya mahali kila kipande cha data kilipo, na ramani hiyo hubadilika kila unapoandika. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, kazi ya mwisho inaweza kupotea, na mara chache SSD nzima hukataa kuonekana. Zile za seva hubeba kapasita za kumalizia uandishi. Za kawaida kwa sehemu kubwa hazina. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini umeme mwingi kwenye gridi hauzuii nguzo ya mtaani kwako kuanguka.

Lipo pia jambo la kabatini. Seli hizi, alizobuni Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980, hutunza data kwa kufungia elektroni, na elektroni huvuja taratibu, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha JEDEC kinaitaka SSD ya kawaida iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake itunze data mwaka 1 bila umeme, kwa nyuzi 30. Iliyotumika kidogo hukaa muda mrefu zaidi ya huo. Hata hivyo, harusi za wateja zilizohifadhiwa chini ya bati zinahitaji nakala ya pili kwenye diski ya kuzunguka.

Kwa hiyo kwa fedha ile ile ningechukua TLC ya kizazi cha nne ya terabaiti 2 badala ya ya kizazi cha tano ya terabaiti 1: uwanja wake ni mpana zaidi, TBW ni maradufu, joto ni pungufu. Chenji ningenunulia UPS. Na siku ya kuifunga, geuza kipoza joto uangalie ule mpira laini wa chini. Umefunikwa na nailoni nyembamba isiyoonekana vizuri. Ibandue kabla ya kukaza skrubu, la sivyo joto halitapita vizuri kwenda kwenye chuma.