Kompyuta Ndogo Umenunua, Skrini Je?

Kompyuta ndogo za mezani kama Mac mini huuzwa bila skrini, kibodi wala mausi. Ndugu yangu, usikimbilie kumaliza mshahara dukani. Kwanza piga simu nyumbani, wakupigie picha nyuma ya tivii. Ikiwa na tundu la HDMI, inatosha kuanzia.

Kama mtoto atasoma maandishi kila siku, tafuta monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080. Soma kibandiko cha nyuma: 100–240V hata ukiitoa Marekani itawaka nyumbani, ya 120V pekee itaungua.

Halafu linganisha nauli ya mzigo na bei ya Kariakoo au Luthuli. Kioo kikipasuka njiani, hela imekwenda.