Kebo Imeonekana, Ruhusa Hakuna: Kupanga Redio kwa Kompyuta ya Linux

Uko Ngara au Biharamulo, unataka kuipangia masafa redio yako ya mkononi kwa programu ya CHIRP. Unachomeka kebo, kompyuta inajibu: "Permission denied". Usikimbilie kununua kebo nyingine. Kebo imeshaonekana, ila wewe huna ruhusa.

Linux huichukulia kebo kama faili, mara nyingi /dev/ttyUSB0. Andika:

ls -l /dev/ttyUSB0

Utaona mwenye faili ni root, na kundi ni dialout (kwenye Arch ni uucp). Asiye ndani ya kundi hagusi. Basi jiunge:

sudo usermod -aG dialout $USER

Iangalie sana hiyo a. Ukiisahau, unaondolewa kwenye makundi mengine, hata lile la sudo! Kisha toka kwenye akaunti, uingie upya, maana makundi husomwa wakati wa kuingia. Hakiki kwa kuandika groups.

Vipi kuhusu chmod 666? Inafutika ukichomoa kebo.

Ukishafunguliwa, kwanza soma yaliyomo kwenye redio na uyahifadhi, ndipo ubadilishe. Na usirushe bila leseni ya TCRA: Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na mawimbi hayajui mpaka.