Presha si ya chumvi peke yake



Katika ziara zetu za vijijini Nachingwea na Ruangwa tumekutana na wagonjwa wa presha waliokwisha acha kuongeza chumvi mezani. Hilo ni jambo jema sana. Lakini wengi wao bado wanakunywa chai ya vijiko vinne, asubuhi na jioni, wakiamini kuwa sukari ni habari ya wenye kisukari tu. Sivyo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, tena vya kusawazisha, si vya kujaa. Ikishuka hadi vijiko sita ni bora zaidi. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa. Asali na juisi, hata ile ya mabibo tunayokamua wenyewe, zimo katika hesabu hiyo. Tunda linaloliwa zima halimo.

Je, sukari inaufikiaje moyo? Tukizoea kula sukari nyingi na uzito ukaongezeka, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi. Insulini hushusha sukari katika damu, lakini pia hufanya figo zizuie chumvi isitoke kwenye mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki, na damu hujaa zaidi katika mishipa. Hivyo mtu anaweza kupunguza chumvi kwenye mboga, kumbe mwili wake unaing'ang'ania ile kidogo iliyopo. Ini nalo hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta, ambayo huingia katika damu na kuchangia kuziba mishipa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu waliopata robo au zaidi ya nguvu yao ya chakula kutokana na sukari ya kuongezwa walikuwa katika hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo karibu mara tatu kuliko waliokuwa chini ya asilimia 10.

Kwetu kipindi kigumu ni msimu wa korosho. Minada ya ushirika wa RUNALI ikishaanza na malipo yakaingia, soda hununuliwa kwa kreti, na kumpa mgeni chai isiyokolea sukari huonekana uchoyo. Nasi hatuna pa kujificha: katika semina zetu, hata zile za afya, tumekuwa tukigawa soda! Kuanzia robo ijayo tutatoa maji na machungwa, na sukari ya chai itakaa mezani kila mtu ajipimie.

Nyumbani, punguza kijiko kimoja, kaa hivyo wiki mbili, kisha punguza kingine. Ulimi huzoea. Aidha, anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu amepunguza sukari, na mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze kwanza na mganga wake. Ambaye hajawahi kupima asisubiri kuumwa kichwa, kwa kuwa presha mara nyingi haina dalili. Kipimo kikiwa 140/90 au zaidi, rudi zahanati siku nyingine upimwe tena.