Sauti na Picha za Intaneti Katika Darasa la Kwanza

Ulyankulu, mkoani Tabora, ni nchi ya lugha nyingi. Misafara ya zamani iliyokwenda Ujiji ilikieneza Kiswahili pande hizi za Unyamwezi. Kisha mwaka 1972 walifika wakimbizi kutoka Burundi, na wengi wao wakaja kuwa raia wa Tanzania. Basi huenda nyumbani kwa mtoto husemwa Kirundi, Kinyamwezi au Kisukuma, naye aingiapo darasa la kwanza hudaiwa asome, aandike na ahesabu kwa Kiswahili. Atasomaje neno asilopata kulisikia?

Hapo ndipo tuonapo faida ya video na sauti. Kipindi cha katuni kiitwacho Ubongo Kids, kitengenezwacho Dar es Salaam na kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili chepesi na nyimbo. Mdogo wake, Akili and Me, ni cha watoto wachanga zaidi: Akili, msichana wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, hujifunza herufi na tarakimu ndotoni pamoja na rafiki zake wanyama.

Watakuwapo wasemao kwamba mtandao ni dhaifu. Jawabu ni jepesi. Mwalimu aendapo Tabora mjini na apakue vipande vichache katika simu yake. Darasani vitacheza bila intaneti. Mkoani Tanga, baina ya 2017 na 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 walipewa tableti zilizokwisha kutiwa masomo ya Kiswahili, zikachajiwa kwa nguvu ya jua. Wengi wao hawakuwa wamepata kusoma shuleni, nao walipopimwa walionekana wamesonga mbele, ingawa si wote waliofika mbali.

Kwa hiyo chombo peke yake hakitoshi. Simu moja ikichezwa mfululizo mbele ya watoto sabini, wa mbele watacheka na wa nyuma watasinzia. Afadhali dakika mbili tu, kisha mwalimu asimamishe na kuuliza: "Amesema nini? Sasa atafanyaje?" Watoto wajibu, waandike, wasikilize tena. Penye darasa kubwa twaona sauti yafaa kuliko picha, maana spika ndogo husikika hata ukutani nyuma. Na mwalimu aitazame video yote kwanza, yeye peke yake.

Sisi tuliosoma vyuoni twaijua desturi hii: mwalimu husoma, mtoto hufuatisha, mwalimu husahihisha. Sauti ya msomaji hodari wa Misri humpa mtoto mfano mwema, lakini haimwambii kwamba amezichanganya ha mbili za Kiarabu.

Wazazi nao wasikae kando. Baba arudipo jioni na simu yake, kipande kile kile cha darasani kichezwe tena, na bibi amwulize mtoto kwa Kirundi maana ya kila neno jipya.