Mashine ya Gesi Ikionyesha Sifuri

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama mlio nyumbani,

Kila mtu wa Goma anajua mazuku. Ni gesi kaboniki inayotoka katika ardhi ya volkano, kandokando ya ziwa na kuelekea Sake, na kukaa mabondeni kwa sababu ni nzito kupita hewa mara moja na nusu. Haina rangi, na pua haiwezi kukuonya. Katika shimo la madini lisilopitisha upepo gesi kama hiyo inaweza kujikusanya vilevile.

Hewa ya kawaida ina asilimia 0,04 tu ya gesi hiyo. Kwa kazi ya saa 8, kipimo cha mwisho kinachotumika mahali pengi ni asilimia 0,5. Ikifika 3, dakika 15 zinatosha, utoke. Ikifika 10, mtu anazimia kwa dakika chache. Wazee walishusha taa ya moto shimoni ili kujaribu hewa, lakini moto unaweza kuendelea kuwaka pale ambapo hewa imekwisha kuwa hatari.

Ndiyo maana kuna kipima-gesi. Kinafungwa chini, karibu na ardhi, nacho kinapeleka habari kwa waya mpaka kwenye kipokezi kilicho juu, mbele ya mkubwa wa zamu. Msishangae mtu wa dispansari kuandika mambo ya umeme. Mgonjwa wa gesi akifika kwangu, mara nyingi yaliyokuwa ya kumwokoa yalipaswa kufanyika kule shimoni.

Waya huo unasema kwa lugha mbili. Tuchukue kipima-gesi cha 0 hadi asilimia 5. Kwa lugha ya volti, hewa isiyo na gesi ni volti 0, na asilimia 5 ni volti 10. Kwa lugha ya miliamperi, hewa isiyo na gesi ni 4, na asilimia 5 ni 20. Iangalieni sana hiyo 4. Waya ukikatwa na sururu, miliamperi zinakuwa 0, wala si 4, na kipokezi kinawasha taa ya hitilafu. Kwa volti, waya uliokatika unaweza kusomeka 0, sawasawa na hewa safi. Tena miliamperi hazipungui njiani: ni kama maji katika bomba lisilovuja, yanayoingia ndiyo yanayotoka. Kwa shimo refu, mimi nachagua miliamperi.

Ndani ya sanduku kuna kifaa kidogo ambacho mafundi wanakiita ampli-opu. Kina masikio mawili na mdomo mmoja. Sikio la kwanza linasikia amri, la pili linasikia kilichotokea, na mdomo unasukuma umeme mpaka masikio yote mawili yasikie sawa. Sikio la pili likifungwa kwenye mlango wa kutokea, ampli-opu inalinda volti. Likifungwa kwenye rezistansi ndogo ambamo umeme wa waya unapita, inalinda miliamperi. Kwa mfano, rezistansi ikiwa ya omu 100, amri ya volti 2 inatoa miliamperi 20, na amri ya volti 0,4 inatoa 4. Kiwanda kinaweka swichi ili sanduku moja lifae wateja wote. Swichi hiyo inahamisha lile sikio la pili, na amri nayo inabadilishwa ilingane na lugha iliyochaguliwa.

Sasa hatari yenyewe. Mtu anasafisha sanduku, anagusa swichi, sanduku linaanza kusema volti. Kule juu kipokezi bado kinasubiri miliamperi, kupitia rezistansi yake ya omu 250. Hewa ikiwa safi, umeme ni karibu 0, na taa ya hitilafu inawaka. Vizuri. Lakini gesi ikifika asilimia 0,5, sanduku linatoa volti 1. Volti 1 katika omu 250 ni miliamperi 4. Taa ya hitilafu inazimika, mshale unakaa kwenye 0, na mkubwa wa zamu anasema, «Afadhali, mashine imepona yenyewe.» Kumbe ni gesi iliyoizima taa.

Kosa la upande mwingine lina kelele. Sanduku likibaki kwenye miliamperi na kipokezi kikahamishwa kwenye volti, umeme hauna njia ya kupita; ampli-opu inasukuma mpaka mwisho wa nguvu zake, mshale unapanda juu kabisa na king'ora kinalia mchana kutwa. Hapo watu wanachoka, wanakata waya wa king'ora.

Kwa hiyo swichi hiyo ni ya fundi peke yake, na akiihamisha ahamishe pande zote mbili siku ileile, kisha ajaribu kwa chupa ya gesi ya kipimo, mwenzake akisoma mshale kule juu. Taa ya hitilafu ikiwaka, tokeni wote. Ikizimika bila fundi kuigusa, msirudi.

Mwenzako akianguka, usimfuate bila chupa ya hewa mgongoni. Kinyago cha vumbi hakizuii gesi kaboniki. Utaanguka juu yake. Ita kikosi cha uokoaji.

Nanyi mama, nyumbani hakuna kipima-gesi. Mahali mnapokuta ndege au panya waliokufa bondeni, msipeleke mtoto, hasa usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia.