Sifuri Iliyofungua Ghala

Msomaji ameuliza kama ni salama kuhamisha sarafu zake za kidijitali kutoka Ethereum kwenda blokucheini nyingine kwa kutumia "daraja". Blokucheini ni nini, naruka. Hayo yameandikwa hadi yamechosha. Ajue tu kwamba darajani hapo hakuna kinachovuka.

Ni mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa korosho. Mkulima anaacha magunia, anapewa karatasi. Karatasi inazunguka sokoni, magunia hayasogei. Nayo sarafu inafungiwa ndani ya programu iliyoko Ethereum, kisha upande wa pili inatolewa stakabadhi ya thamani ileile. Ukiirudisha, inafutwa, na ghala linafunguliwa. Lakini karani wa ghala haoni kinachotokea kule ng'ambo. Analetewa ujumbe tu, na lazima aamue kama anauamini.

Daraja la Ronin liliamini saini tano kati ya tisa. Machi 2022 wezi wakazipata hizo tano, wakaondoka na etha (sarafu ya Ethereum) 173,600. Wizi wa funguo za kusaini, basi.

Utamu uko kwenye daraja jingine, Nomad. Kila ujumbe uliokaguliwa uliwekewa namba ndefu iitwayo mzizi, mfano wa muhuri, na kabla ya kulipa programu iliuliza kama mzizi huo unakubalika. Ujumbe usiokaguliwa hauna mzizi, na kwenye programu za Ethereum nafasi isiyojazwa husomeka sifuri. Sasa, katika maboresho ya 2022, sifuri ikaingizwa miongoni mwa mizizi inayokubalika. Karani anatafuta muhuri, haoni kitu, anafungua daftari, na daftari linamwambia kwamba pasipo muhuri ndipo penye muhuri halali. Analipa!

Tarehe 1 Agosti 2022 siri ikafichuka. Waliofuata hawakuhitaji hata kuielewa: walinakili muamala wa aliyetangulia, wakaweka anwani zao, wakalipwa. Kwa saa chache zikatoka takriban dola milioni 190.

Yapo madaraja yanayokagua kwa hesabu badala ya saini za watu. Ada zake huwa kubwa zaidi, na nayo ni programu vilevile. Kwa hiyo msomaji wetu asiulize kama Ethereum ni imara. Ilikuwa imara siku ile, na Moonbeam, mojawapo ya blokucheini zilizokuwa upande wa pili, haikudukuliwa. Miongoni mwa walioumia ni waliokuwa wameshika stakabadhi za Nomad huko Moonbeam: hakuna aliyewaibia hata moja, ila ghala lilikuwa tupu.