Fremu, Kifuniko na Kuziba: Istilahi za Vibao vya Namba za Magari

Miongoni mwa matini zinazowasumbua wafasiri ni sheria ndogo ndogo za barabarani. Mtu huzidharau kwa kuwa zinahusu mambo ya kila siku, kumbe ndizo zinazomfikia mwananchi kabla ya sheria kubwa. Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi za sehemu moja tu ya sheria hizo, nayo ni ile inayohusu fremu na vifuniko vinavyowekwa kwenye vibao vya namba za magari. Mifano yetu tumeichukua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, kila jimbo la huko lina sheria yake, na mahakama zake zimebishana sana juu ya maana ya maneno haya. Pili, wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na nchi jirani, wanaishi na kuendesha magari huko, nao wanahitaji maelezo ya sheria hizo kwa lugha wanayoielewa.

1. Namba na kibao

Katika mazungumzo ya kawaida neno namba hubeba dhana mbili. Tunaposema "andika namba ya gari lile" tuna maana ya herufi na tarakimu. Tunaposema "gari limeng'olewa namba" tuna maana ya kipande cha bati chenye herufi na tarakimu hizo. Msikilizaji hapati taabu, lakini katika sheria dhana hizi hazina budi kutenganishwa, kwani mtu anaweza kuacha namba wazi huku ameziba sehemu nyingine ya kibao, na katika baadhi ya majimbo hilo nalo ni kosa.

Wamarekani hukiita kibao hiki kwa jina linalotokana na leseni. Mfasiri akiandika "kibao cha leseni" atampotosha msomaji, maana kwetu leseni ni idhini anayopewa mtu, iwe ya udereva au ya biashara. Hivyo yafaa kusema kibao cha namba, na yale yaliyoandikwa juu yake yaitwe namba ya usajili.

2. Fremu na kifuniko

Fremu huzunguka, kifuniko hufunika. Picha iliyotiwa fremu huonekana yote isipokuwa kingo zake, ilhali chungu kilichofunikwa hakionekani ndani. Tofauti hii ndiyo iliyo katika sheria ya California. Kifungu cha 5201 cha Sheria ya Magari ya jimbo hilo hukataza kifuniko juu ya kibao, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile turubai linalokinga gari lililoegeshwa kihalali dhidi ya mvua na jua. Fremu haikukatazwa kwa jina lake tu. Huwa kosa pale inapozuia kibao kusomwa au kutambuliwa na vyombo vya kielektroniki vya polisi au vya kutoza ushuru wa barabara. Katika sehemu hiyo sheria hutaja kwa mfuatano kasha, kinga, fremu, pambizo, na kifaa kingine chochote.

Mfasiri asiyekuwa mwangalifu hutumia neno moja, kava, kwa vyote hivyo. Neno kava limekwisha kuenea na hatuna ugomvi nalo katika mazungumzo. Lakini katika matini ya sheria litamfanya dereva mwenye fremu nyembamba isiyoziba kitu ajione mkosaji, na hali kadhalika litamfanya mwenye kifuniko cha plastiki angavu adhani kuwa ameruhusiwa maadamu namba yake inaonekana.

3. Kuonekana na kusomeka

Sheria nyingi hutaka kibao kionekane na pia kisomeke. Haya si maneno mawili ya maana moja yaliyowekwa kwa ajili ya mkazo. Kibao chaweza kuonekana kwa mbali bila kusomeka, kama kilichofunikwa kwa plastiki yenye rangi ya moshi. Sheria ya Florida, kifungu cha 316.605, hutaka maandishi ya kibao yaonekane na yasomeke waziwazi kutoka umbali wa futi 100, yaani kiasi cha mita 30. Kiswahili kina bahati hapa, kwani kauli ya kutendeka hutupatia vitenzi viwili vilivyo wazi. Mfasiri asiache kimojawapo kwa kudhani kuwa anafupisha.

4. Kuziba, kuficha na kukinga

Vitenzi hivi vitatu huchanganywa mara kwa mara, nasi tunaona hapa ndipo penye hatari kubwa. Kuficha kuna nia ndani yake: mtu huficha kitu ili kisionekane. Kuziba hakuhitaji nia: tope huziba namba, na mtu aliyesimama mbele yetu uwanjani huambiwa "umetuziba" ijapokuwa hakukusudia. Kukinga nako kuna maana mbili zinazovutana, yaani kuhifadhi na kuzuia: mwavuli humkinga mtu na mvua, na ukuta hukinga mwanga. Kwa hiyo kinga lafaa kuwa jina la kifaa cha kuhifadhi kibao, lakini halifai kuwa kitenzi cha kutajia kosa.

Florida inatupatia mfano mzuri. Kifungu tulichokitaja kinataka kibao kisiwe na grisi wala kitu kingine kinachoziba maandishi, wala hakiulizi dereva alikuwa na nia gani. Lakini kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, anayeziba kibao chake kwa kujua anatenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha siku 60 na faini ya dola 500. Mfasiri akitumia kuficha katika kifungu cha kwanza, atakuwa ameongeza sharti la nia ambalo mtunga sheria hakuliweka. Akitumia kuziba katika kifungu cha pili na kusahau maneno "kwa kujua", atakuwa amemtia jinai mtu ambaye gari lake limechafuka tu.

5. Juu ya kibao au mbele ya kibao?

Sheria ya Illinois ilitaka kibao kisiwe na vitu vinavyozuia kisionekane, vikiwemo vifuniko vya kioo na vya plastiki. Dereva mmoja alisimamishwa kwa sababu ya kifundo cha chuma cha kukokotea tela kilichokuwa nyuma ya gari lake, mbele ya kibao. Gari likapekuliwa na bangi ikapatikana. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba maneno ya sheria yalikuwa na utata, na kwamba yasomwe kwa kumpendelea mshtakiwa: yalihusu vitu vilivyoshikamana na kibao chenyewe tu. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba polisi alikosea kwa namna inayoeleweka, na kwa hiyo ushahidi haukutupwa.

Mwaka uliofuata, 2016, Mahakama ya Juu ya Florida ilipata shauri linalofanana na hilo. Safari hii taa ndogo ya kumulika namba ilikuwa imechomoka na kuning'inia kwa nyaya zake mbele ya kibao. Mahakama iliamua kuwa hilo ni kosa, ijapokuwa kitu hicho hakikushikamana na kibao.

Sasa tumtazame mfasiri wa Kiswahili. Akiandika "kusiwe na kitu juu ya kibao" amekwisha kuamua kama Illinois. Akiandika "mbele ya kibao" amekwisha kuamua kama Florida. Matini ya asili haikusema juu wala mbele. Kazi ya mfasiri si kuhukumu. Utata ulio katika sheria hana budi kuuhifadhi. Tunashauri aandike "kibao kisizibwe na kitu chochote", aliache suala la mahali kwa mahakama.

Tahadhari hiyo hiyo yahusu orodha. Vikiwemo na kama vile huacha mlango wazi kwa vitu vingine, yaani huufunga. "Vitu vinavyoziba, yaani vifuniko vya kioo na vya plastiki" ni sheria nyingine kabisa.

6. Sehemu ipi ya kibao?

Texas ilionyesha umuhimu wa kutaja sehemu inayolindwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Jinai ya jimbo hilo ilikubali kuwa dereva alisimamishwa kihalali kwa sababu fremu yake iliziba picha na jina la utani la jimbo, japokuwa namba ilisomeka. Kwani sheria ya wakati huo ililinda hata mapambo ya asili ya kibao. Sheria hiyo ilirekebishwa, na leo, kwa upande wa jina la jimbo, kosa ni kuziba nusu yake au zaidi. Basi mfasiri asiandike "kibao" pale sheria isemapo "namba", wala asiandike "namba" pale isemapo "kibao".

7. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

kibao cha namba: kipande cha bati au cha kitu kingine kinachobeba namba ya usajili wa gari;
namba ya usajili: herufi na tarakimu zinazolitambulisha gari;
fremu ya kibao: kifaa kinachozunguka kingo za kibao;
kifuniko cha kibao: kitu kinachotandazwa juu ya uso wa kibao, kiwe angavu au kisiwe angavu;
kuziba: kuzuia kuonekana au kusomeka, kwa nia au bila nia;
kuficha: kuziba kwa makusudi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime maneno haya katika kazi zao, hususan katika fomu na matangazo ya usalama barabarani, na watuletee maoni yao. Dereva anayesoma tangazo anataka kujua jambo moja tu, kama fremu aliyoinunua pamoja na gari imo katika katazo au haimo. Tangazo lisilompa jibu hilo halijafasiriwa.